Vifaa vya Kujengea na Tabia Zake

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona jambo hili. Watu wa kijiji huchanga fedha mwaka mzima, hubeba mawe na mchanga kwa mikono yao wenyewe, hujenga shule ya madarasa mawili. Na kabla ya masika ya tatu kwisha, ukuta una ufa wa kuingia kidole, sakafu imebomoka, na mwalimu aogopa kukalisha watoto upande ule. Hapo ndipo lawama zinapoanza. Huyu asema fundi ni mwizi, yule asema saruji ilikuwa mbovu, na wa tatu asema ni kudura ya Mungu. Pengine ni kweli kwamba fundi ameiba. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa, nayo ni kwamba hapana mtu aliyejua tabia za vitu vilivyotumiwa.

Katika somo hili twataka kueleza tabia za vitu vile ambavyo kila mtu anavijua kwa macho: udongo, matofali, mawe, chokaa, saruji, chuma na miti. Hatukusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi. Twataka mkuu wa kijiji na mwalimu, wanaposimamia kazi iliyolipiwa kwa fedha za watu, wajue la kuuliza na la kutazama.

Kila kitu cha kujengea yafaa kukiuliza maswali matatu. La kwanza: kikibanwa hustahimili? La pili: kikivutwa hustahimili? La tatu: maji hukifanya nini? Atakayeyashika maswali haya matatu ameshika nusu ya elimu ya ujenzi.

KUBANWA NA KUVUTWA

Chukua muhogo mbichi, ukate kipande chenye urefu wa mkono. Usimamishe wima uubonyeze kwa kiganja, hautavunjika. Sasa uulaze juu ya mawe mawili, jiwe hili huku na hili huku, kisha uukandamize katikati. Utakatika upesi, na ukitazama vema utaona kwamba ufa ulianza upande wa chini. Sababu yake ni hii: kitu kilicholazwa juu ya nguzo mbili na kutwishwa mzigo, upande wake wa juu hubanwa na upande wake wa chini huvutwa. Muhogo hustahimili kubanwa, haustahimili kuvutwa.

Jiwe, tofali na zege vina tabia kama ya muhogo ule. Ukuta na nguzo hubanwa tu, basi jiwe lafaa sana kwa kazi hiyo. Lakini juu ya mlango na dirisha, na chini ya dari, mna kuvutwa, na hapo jiwe peke yake haliaminiki. Mti na chuma hustahimili yote mawili. Ndiyo maana wazee wetu walijenga kuta kwa mawe na udongo, na dari kwa boriti.

UDONGO NA MATOFALI

Udongo ni kitu cha kujengea cha zamani sana, na mpaka leo wafaa, maadamu umekauka. Tofali bichi lililotengenezwa vizuri hubeba uzito wa kilo 10 hata 20 juu ya kila sentimita moja ya mraba kabla ya kupondeka. Kwa nyumba isiyo na ghorofa uzito huo watosha na kuzidi. Adui wa udongo si mzigo, adui wake ni maji. Tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope, na ukuta hukatika kwa chini, mahali ambapo matone ya mvua huruka kutoka ardhini.

Udongo una sehemu mbili zilizo kubwa: mchanga, ambao ni mifupa yake, na mfinyanzi, ambao ni gundi yake. Mfinyanzi ukizidi, udongo hujikunja unapokauka na kupasuka. Mchanga ukizidi, udongo haushikani. Ili kujua, tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 kwa ndani, upana sentimita 4 na kina sentimita 4. Kipake mafuta ndani, kijaze udongo uliotiwa maji kiasi cha kukandika, usiache nafasi. Kiache juani siku 3, au kivulini siku 7. Kisha usogeze udongo wote upande mmoja, upime pengo lililobaki. Ukiwa wataka kufanya matofali ya kushindilia kwa mashine ya mkono, yale yatiwayo saruji kidogo, pengo hilo litakuambia kipimo: likiwa chini ya milimita 12, debe 1 la saruji latosha madebe 18 ya udongo, likikaribia milimita 50, sharti debe 1 kwa madebe 12. Likizidi hapo, uongeze mchanga au utafute udongo mwingine.

Matofali ya namna hii yana faida moja ambayo wazee wa vijiji wataitambua mara moja: hayataki kuni. Tofali la kuchoma lahitaji moto wa nyuzi 900 hata 1000 ili mfinyanzi ugeuke na usirudi tena kuwa tope, na moto wa namna hiyo hula miti mingi. Tanuri likichomwa kwa kuni chache, matofali ya nje hubaki nusu mabichi, nayo huuzwa pamoja na yaliyoiva.

Kuyatambua si kazi ngumu. Gonga tofali kwa tofali: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kufa. Tena lipime uzito likiwa kavu, litie majini kutwa kucha, kisha ulipime tena. Likiwa limekunywa maji zaidi ya sehemu moja katika tano za uzito wake, usilitumie msingini wala katika ukuta utakaopigwa na mvua.

MAWE NA CHOKAA

Watu wa pwani walijifunza kazi ya mawe zamani sana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Na magofu ya Husuni Kubwa, na ya Msikiti Mkuu pamoja na kuba zake, yangali yasimama pale Kilwa Kisiwani. Mawe yao yalikuwa ya matumbawe, na yalikuwa ya namna mbili. Ya nchi kavu ni magumu na yenye mashimo, nayo yalijengewa kuta. Yaliyokatwa baharini ni laini yangali mabichi, huchongwa kwa urahisi, kisha huwa magumu yakiisha kukauka. Hayo yalichongewa mihirabu na miimo ya milango.

Kilichoyashikanisha mawe hayo ni chokaa. Jiwe la chokaa likichomwa kwa moto wa nyuzi 900 hivi hutokwa na hewa iliyomo ndani yake, ile hewa ya kaboni, na hubaki jepesi na kali. Likitiwa maji huchemka lenyewe bila moto, kisha huwa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na maji, ukapakwa ukutani, huanza kuirudisha hewa ile ile kutoka angani kidogo kidogo, mpaka umekuwa jiwe tena. Kazi hiyo ni ya miezi na miaka, wala haiharakishwi. Kwa hiyo ukuta wa chokaa huongezeka nguvu kadiri unavyozeeka, ikiwa tu umefunikwa vema juu na msingi wake ni mkavu.

Chokaa ina tabia nyingine iliyo ya thamani: hupumua. Maji yakiingia ukutani hutoka tena kwa jua na upepo. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na miji mingine ya pwani, watu wengi wamezipaka nyumba za zamani lipu ya saruji, wakidhani kwamba kilicho kigumu zaidi hakina budi kuwa bora zaidi. Lakini saruji haipumui kama chokaa. Maji yapandayo kutoka ardhini, na yale yaingiayo katika nyufa, hufungwa ndani. Chumvi hukusanyika nyuma ya lipu na kuibandua. Na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza gizani pasipo mtu kuona. Nyumba ya zamani haitakiwi kuvikwa joho la saruji. Irudishiwe chokaa iliyoizoea.

Ukuta wa udongo nao ni vivyo hivyo. Lipu ngumu ya saruji juu ya udongo laini haishikani nao. Jua likiwaka huachana, na pande kubwa huanguka siku moja.

SARUJI NA ZEGE

Saruji tunayoijua leo asili yake ni Uingereza, ambako Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1824. Huchomwa kwa chokaa na mfinyanzi pamoja, kwa moto mkali kuliko wa chokaa, kisha husagwa.

Watu wengi hudhani kwamba saruji hukauka kama tope linavyokauka. Sivyo. Saruji hushikana kwa kuungana na maji. Maji huingia katika umbo lake na kuwa sehemu ya jiwe jipya. Kwa hiyo saruji iliyonyimwa maji katika siku zake za kwanza haipati nguvu yake, hata ukiingoja mwaka. Zege iliyomwagwa leo na ifunikwe kwa magunia au majani, na magunia yale yalowe usiku na mchana kwa muda wa siku 7, wala lisipite jua la adhuhuri juu ya zege iliyo wazi. Nguvu yake huhesabiwa baada ya siku 28. Fundi anayetaka kuondoa mbao za chini ya dari katika siku ya nne, azuiwe.

Kipimo cha kawaida cha zege ni sehemu 1 ya saruji, sehemu 2 za mchanga na sehemu 4 za kokoto. Tumia debe au sanduku lililo moja kwa kupimia vyote, usihesabu kwa sepeto, kwa maana sepeto la asubuhi si sawa na sepeto la jioni. Maji yawe lita 25 hata 30 kwa mfuko mmoja wa kilo 50, na mchanga ukiwa umelowa, yapunguzwe. Hapa ndipo penye hila kubwa, na mara nyingi haifanywi kwa ubaya. Zege yenye maji mengi humwagika kwa urahisi na kuwapumzisha vibarua. Lakini maji yale yaliyozidi hayaungani na saruji, hutoka baadaye na kuacha vijitundu visivyohesabika. Zege hiyo huonekana nzuri, nayo ni dhaifu. Tena zege isiposhindiliwa vema hubaki na hewa ndani. Hewa ikiwa sehemu 5 tu katika 100, nguvu hupungua kwa karibu theluthi.

Mchanga nao upimwe. Tia mchanga katika chupa nyeupe, mimina maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiweke muda wa saa 3. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake. Tope likizidi sehemu 8 katika 100 za mchanga, mchanga huo uoshwe kwanza. Na mchanga wa ufukoni usitumiwe katika zege yenye chuma, maana chumvi yake ni sumu kwa chuma. Saruji yenyewe iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Iliyokaa miezi mitatu mahali penye unyevu imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na yenye mabonge magumu isiyovunjika kwa vidole haifai kabisa.

CHUMA NDANI YA ZEGE

Zege nzuri ya kipimo tulichokitaja hubeba kilo 150 hivi juu ya kila sentimita ya mraba kabla ya kupondeka. Lakini ukiivuta, sehemu moja tu katika kumi ya uzito huo yatosha kuikata. Nondo ya chuma cha kawaida huvutwa kwa kilo 2500 juu ya sentimita ya mraba kabla ya kuanza kunyooka. Basi watu waliviunganisha vitu hivi viwili, zege ichukue kubanwa na chuma kichukue kuvutwa. Ndoa yao imedumu kwa sababu mbili. Kwanza, joto huwarefusha karibu sawasawa: joto likizidi kwa nyuzi 30, chuma cha mita 10 hurefuka milimita 3 na nusu hivi, na zege ya urefu ule ule karibu milimita 3. Pili, saruji hukilinda chuma kisipate kutu.

Kutokana na somo la muhogo, msomaji ataweza sasa kujibu mwenyewe: katika mhimili uliolazwa juu ya mlango, nondo zilizo kubwa ziwekwe wapi? Ziwekwe chini, upande unaovutwa. Lakini katika kibaraza cha juu kilichotokeza nje bila nguzo, unaovutwa ni upande wa juu, na nondo ziwe juu. Vibaraza vingi vimeanguka kwa sababu vibarua walizikanyaga nondo zikashuka chini wakati wa kumwaga zege, na hapana aliyeziinua.

Nondo isiguse mbao wala udongo. Iwe na zege ya kuifunika, angalau sentimita 2 na nusu, na ndani ya ardhi sentimita 4 au 5. Maji na chumvi vikiifikia, hushikwa na kutu. Na kutu ina tabia ya kuvimba kuliko chuma kilichozaliwa nacho, basi huipasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye rangi ya kahawia, ujue kwamba ugonjwa umekwisha kuingia.

MITI NA PAA

Mti hustahimili kubanwa na kuvutwa kwa kufuata nyuzi zake. Kwa kukatisha nyuzi hupasuka upesi. Boriti za mikoko zilitumiwa tangu kale katika dari za pwani, na kwa kuwa hazikuwa ndefu, vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, mara nyingi mita 2 na nusu hata 3. Hivyo mti wa pwani ndio uliopima upana wa chumba cha tajiri.

Mti mbichi una maji mengi, nao unapokauka hupungua na kujipinda. Paa la mbao mbichi huvuta misumari na kuinua mabati. Mbao na zipangwe kivulini juu ya vipande vya kuzitenga, upepo upite, mpaka zimekauka. Mvule na mninga hustahimili mchwa kuliko miti mingi. Miti laini itiwe dawa. Mchwa hupanda kutoka ardhini katika njia zake za udongo, basi ukuta ulioinuliwa juu ya msingi, na uliotazamwa mara kwa mara, hauwafichi.

Bati lina nguvu kwa sababu ya mawimbi yake, maana bati bapa lingejikunja. Na zinki iliyopakwa juu yake huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi, hasa penye ukuta wa udongo. Kwa fedha kidogo za mabati na mbao, ukuta mzima huokoka.

HASARA YA KUTOJUA

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya nyumba ndogo tu. Tarehe 29 Machi 1913 ingekuwa habari ya kale. Lakini ilikuwa tarehe 29 Machi 2013, zama zetu hizi, lilipoporomoka jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, na watu 36 wakafa. Na tarehe 25 Disemba 2020 iliporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, wakati lilipokuwa likitengenezwa. Jengo jipya laweza kuua, na jengo la zamani laweza kuua. Wala udogo wa nyumba si kinga: ukuta mmoja wa darasa una uzito wa kutosha kuua watoto walioketi chini yake.

Kwa hiyo twawashauri wakuu wa vijiji na walimu wafanye mambo haya kabla ya kutoa fedha. Jengo lolote la watu wengi, na kila jengo la ghorofa, lichorwe na kukaguliwa na mhandisi. Mbele ya wazee, tofali litiwe majini na mchanga utikiswe katika chupa. Achaguliwe mtu mmoja wa kuhesabu madebe na lita za maji, na mwingine wa kumwagia zege maji kwa siku 7, majina yao yaandikwe. Nondo zitazamwe kabla zege haijamwagwa, kwa maana baada ya hapo hapana jicho litakaloziona. Msingi uinuliwe sentimita 30 juu ya ardhi, na mfereji uchimbwe wa kuondoa maji ya mvua.

Kazi zote hizi hazina gharama kubwa. Chupa, debe, kisanduku cha mbao na magunia ya zamani hupatikana katika kila kijiji. Mwalimu aweza kuwafanyisha wanafunzi majaribio haya darasani, ili watakapokuwa watu wazima na kusimamia kazi za mji wao, waje wakijua la kuuliza.